Kompyuta ya Zamani Haiwaki? Kijue Kwanza Kilichokufa, Ndipo Utafute Kipuri

Wengi wanaofufua kompyuta za miaka ya 1980 huanza kwa kusaka vipuri, na hapo ndipo fedha hupotea. Chipu nyingi za mashine hizo hazitengenezwi tena. Kilichobaki ni akiba za maghala ya zamani, chipu zilizong'olewa kwenye bodi nyingine, na chipu bandia zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya. Hata prosesa ya Z80, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ilifika ukingoni: mtengenezaji wake, Zilog, alipokea oda za mwisho za toleo lake la Z84C00 mwaka 2024. Ukiweka chipu nzima kwenye bodi ambayo hitilafu yake hujaiona, ikaungua, umeipunguza moja kati ya zilizosalia na tatizo bado lipo palepale.

Kwa hiyo hapa tunatoka kwenye dalili, tunafika kwenye chanzo, kisha ndipo tunataja kipuri, mbadala wake na mitego yake. Andaa multimita, chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto, pampu na utambi wa shaba wa kunyonyea lehemu, na isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Oskiloskopu itakusaidia sana, lakini bila multimita usianze kabisa.

Moshi mzito, harufu kali, na mashine bado inafanya kazi

Hii ni dalili ya kapasita ya karatasi iliyo upande wa umeme mkubwa ndani ya pawa saplai. Zinazojulikana zaidi ni za RIFA, zenye ganda la plastiki angavu la rangi ya manjano au kahawia. Ganda hupata nyufa kwa uzee, unyevu unaingia kwenye karatasi, na siku inapopata umeme hupasuka na kujaza chumba moshi. BBC Micro na Apple II zina sifa mbaya kwa jambo hili. Ukiona nyufa, ibadilishe hata kama haijatoa moshi.

Cha kununua: kapasita ya polipropilini ya daraja la X2, volti 275 za AC, yenye mikrofaradi zilezile (mara nyingi 0.1 au 0.01). Pima pia umbali kati ya miguu yake miwili kabla ya kuagiza, maana ganda jipya linaweza kukataa kukaa kwenye matundu ya zamani. Usiweke kapasita ya kawaida kwa sababu tu namba ya volti inalingana. Daraja la X2 limeundwa liharibike bila kuwasha moto. Ile iliyounganisha laini ya umeme na ardhi ni ya daraja Y, na mbadala wake lazima uwe Y, kwa kuwa ikipiga shoti umeme unafika kwenye bati la nje analoshika mtu.

Kabla ya kugusa chochote humo, chomoa waya wa umeme, kisha toa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 2,200 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye ganda zuri, halafu pima uhakikishe ni chini ya volti 5. Kapasita hiyo huweza kushikilia volti zaidi ya 300 muda mrefu baada ya kuzimwa.

Feni inatikisika mara moja, kisha kimya

Hapa tunazungumzia IBM PC ya 1981, XT na jamaa zake. Pawa saplai imeona shoti ikajizima yenyewe, kwa hiyo mara nyingi si yenyewe mbovu. Na usidanganyike ukiichomoa kwenye bodi uipime peke yake ikakataa kuwaka: pawa saplai za enzi hiyo zinahitaji mzigo ndipo zianze. Ziachie angalau diski moja ya zamani au rezista kubwa kwenye laini ya volti 5.

Chomoa kadi zote, kisha pima omu kati ya ardhi na kila laini kwenye bodi mama: +5, +12, −5 na −12. Laini inayosoma chini ya omu 1 ndiyo yenye shoti. Ikiwa ni +12 au −12, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu, zile ndogo zenye umbo la tone. Shoti ikipotea baada ya kutoa kadi fulani, ujue tantalamu iliyokufa iko kwenye kadi hiyo.

Kwenye laini za volti 12, bodi nyingi zina tantalamu za mikrofaradi 10 za volti 16. Nafasi hiyo ni finyu mno kwa tantalamu, nayo ni sababu mojawapo ya kufa kwake. Nunua za volti 25 au zaidi. Unaweza pia kuweka kapasita ya elektroliti, ila jihadhari na mtego ambao umeunguza bodi nyingi: alama iliyochapwa kwenye tantalamu huonyesha mguu chanya, na mstari uliochapwa kwenye elektroliti huonyesha mguu hasi. Ukifuata mazoea, utaiweka kinyume. Piga picha kabla ya kung'oa.

Unaporudisha P8 na P9, plagi mbili za pawa saplai zinazoingia kwenye bodi mama, nyaya nyeusi zikutane katikati. Zikikaa kinyume, volti 12 zinaingia mahali pa volti 5, na hapo hakuna cha kuokoa.

Commodore 64: taa inawaka, skrini nyeusi

Dalili hii ndiyo inayowafanya watu wanunue chipu tano kwa mpigo, ilhali iliyokufa ni moja. Fuata mpangilio ufuatao.

Anza na pawa saplai, kabla hujaichomeka kwenye kompyuta. Kwenye plagi ya pini 7, pima volti 5 za DC kati ya pini 5 na pini 2, na volti 9 za AC kati ya pini 6 na 7. Ukisoma zaidi ya 5.25 DC, hiyo itupe. Zile za asili zimemiminiwa gundi ngumu ndani, joto halitoki, na regyuleta yake inapokufa volti hupanda badala ya kushuka. RAM ndiyo hulipa gharama. Kipimo kizuri cha leo hakikupi dhamana ya kesho, kwa sababu hitilafu hutokea ikiwa imepata moto. Kwa hiyo usinunue pawa saplai ya asili iliyotumika, hata kwa bei ya kutupa. Tafuta mpya zinazotengenezwa sasa kwa ajili ya C64, zenye kinga ya kukata umeme volti zikizidi.

Taa huwashwa na zile volti 5 peke yake. Taa ikiwaka bila picha, angalia fyuzi iliyo kwenye bodi: inalinda laini ya volti 9 za AC, na kwenye bodi za mwanzo laini hiyo ndiyo inayozalisha volti 12 za VIC (chipu ya picha) na SID (chipu ya sauti). Fyuzi moja iliyokatika imewahi kuhukumu VIC nyingi nzima kuwa zimekufa.

Volti zikiwa sawa, washa kwa dakika moja kisha gusa chipu za RAM kwa kidole. RAM nzima huwa vuguvugu tu. Inayochoma kidole imekwisha. PLA (chipu ya mantiki inayoamua chipu gani imjibu prosesa) na VIC kuwa za moto ni kawaida yake, usizihukumu kwa joto. Kisha tumia katriji ya majaribio inayoitwa Dead Test, ambayo hufanya kazi hata ROM (chipu za programu ya kudumu) zikiwa zimekufa. Skrini ikimweka mara kadhaa kisha ikatulia na kurudia, idadi ya mimweko ndiyo inayotaja RAM gani imekufa. Skrini ikibaki nyeusi bila mmweko wowote, geukia PLA, kisha prosesa 6510, kisha VIC na saketi ya saa (inayotoa mapigo ya kuongoza chipu).

Dalili nyingine zinajieleza zenyewe. Maandishi ya kuanzia yakitokea lakini namba ya baiti huru ni chini ya 38911, RAM ina kasoro. Herufi zikiwa takataka lakini fremu na rangi zipo, angalia ROM ya herufi. Rangi za herufi zikicheza, angalia chipu ya RAM ya rangi, 2114. Na bodi yoyote yenye chipu ndogo za mantiki zenye namba za MOS zinazoanza na 77 badala ya 74, zishuku mapema, hufa sana. Mfano, 7708 hubadilishwa na 74LS257 ya kawaida, ambayo bado inapatikana kwa urahisi.

Sasa vipuri vyenyewe. RAM nane za 4164 si tabu: kasi ya nanosekunde 200, 150 au 120 zote zinakubali, kwani yenye kasi zaidi hutosha mahali pa iliyo polepole. Bodi za baadaye zina chipu mbili za 41464, nazo haziingiliani na 4164. PLA ya asili inayotoka kwenye bodi nyingine ni kamari. Afadhali PLA mpya zinazotengenezwa kwa chipu za kisasa za mantiki. Wapo wanaochoma (yaani kuandika data ndani ya) EPROM ya 27C512, chipu ya kumbukumbu inayoandikika, kuiga PLA. Njia hiyo huwasha mashine nyingi, lakini muda wa kujibu wa EPROM hautabiriki vizuri, na baadhi ya katriji zitagoma.

VIC na SID zinataka umakini zaidi. VIC 6569 (ya mfumo wa TV wa PAL) na 6567 (ya mfumo wa NTSC) hutumia volti 12 na 5. 8565 na 8562 hutumia volti 5 tu. SID 6581 ni ya volti 12, 8580 ni ya volti 9, na kapasita za kichujio chake pia ni tofauti. VIC zote zina miguu sawa kwa idadi, na SID vilevile, kwa hiyo zinaingia kwenye soketi bila kukuonya. Soma namba ya bodi kabla ya kuagiza: bodi fupi ya 250469 ni ya 8565 na 8580. SID ndiyo chipu inayoghushiwa kupita zote, maana wanamuziki nao wanaitafuta. Kama unachotaka ni mashine inayotoa sauti, mbadala kama ARMSID ni salama kuliko SID ya asili isiyo na historia.

Kuitambua chipu kabla ya kulipa

Juu ya chipu kuna namba ya aina na namba ya tarehe. Tarehe mara nyingi ni tarakimu nne, mwaka kisha wiki: 8432 ni wiki ya 32 ya 1984. Mashine ya 1984 yenye chipu ya 8611 tayari imewahi kufanyiwa matengenezo, na hapo ndipo pa kuanza kutazama lehemu mbaya. Muuzaji anayekupa 6510 yenye tarehe ya miaka ya 2000 anakuuzia mbuzi kwenye gunia, kwani Commodore ilifilisika 1994.

Omba picha ya juu na ya chini ya chipu ileile utakayotumiwa, si picha ya mfano. Uso uliopakwa rangi huwa laini kupita kiasi, mashimo madogo ya pembeni yamejaa rangi, na chipu zote kwenye mrija zina tarehe moja ilhali alama za kiwanda upande wa chini hazifanani. Chipu ikifika, pitisha pamba yenye asetoni juu yake. Weusi ukitoka, imepakwa. Miguu inayong'aa kama mipya pamoja na mabaki ya lehemu kwenye mabega yake inaonyesha iling'olewa. Kung'olewa si kosa, ila iuzwe kwa jina hilo. Chipu iliyong'olewa na kujaribiwa kwenye mashine ina thamani kuliko "mpya" isiyojaribiwa.

Herufi za katikati ya namba nazo zina maana. Mahali pa chipu ya mantiki ya 74LS unaweza kuweka 74HCT, kwa kuwa viwango vyake vya volti za kuingiza vinalingana na TTL, familia ya 74LS. 74HC bila T haifai, hata ikionekana kufanya kazi mezani. EPROM ya 2764 ina miguu 28, ROM ya 2364 ina 24, ingawa zote hubeba kilobaiti 8, utahitaji adapta. Ukichoma EPROM angalia volti za kuchomea: 2732 ni volti 25, 2732A ni 21, 2764 ni 21, na 2764A ni 12.5. Herufi A ukiipuuza, chipu inakufa ndani ya kichomeo. Na W65C02S inayotengenezwa hadi leo haiwezi kuchukua nafasi ya 6502 ya zamani moja kwa moja: pini 1, ambayo kwenye 6502 ni ardhi, huku ni ya kutoa mawimbi, na programu zilizotegemea amri zisizo rasmi za 6502 zitaanguka.

Unapong'oa chipu iliyokufa, usiihurumie. Kata miguu yake karibu na mwili, kisha toa mguu mmojammoja kwa chuma. Bodi ndiyo isiyopatikana. Chipu iliyokufa haina kazi tena. Weka soketi mpya ndipo uweke chipu.

Namba 201 kwenye IBM, na Spectrum yenye mistari

IBM zenyewe hutaja kasoro kwa namba: 161 ni betri ya IBM AT imekwisha, 201 ni RAM, 301 kibodi, 601 disketi, 1701 diski ngumu. Kwenye IBM PC ya kwanza, mbele ya 201 kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza hutaja safu ya RAM, mbili za mwisho hutaja biti: 01 ni biti 0, 02 ni biti 1, 04 ni biti 2, na kuendelea hadi 80, biti 7, 00 ni chipu ya tisa, ya kuhakikisha usahihi. Safu ya kwanza ikiwa ndiyo mbovu, hutaona namba yoyote. Mashine itakaa kimya.

Bodi ya kwanza, ya kilobaiti 16 hadi 64, hutumia 4116, na ile ya 64 hadi 256 hutumia 4164. Usizichanganye. 4116 inataka volti tatu: −5 kwenye pini 1, +12 kwenye pini 8, +5 kwenye pini 9. 4164 inataka +5 kwenye pini 8 peke yake. Ukichomeka 4164 mahali pa 4116, inapata volti 12 pale inapongoja 5, na inakufa papo hapo.

ZX Spectrum hutumia 4116 nane kwa kilobaiti 16 za chini. Skrini ikijaa mistari au miraba isiyobadilika, kabla ya kununua RAM pima −5 na +12. Laini ya −5 ikipotea, 4116 zote hufa pamoja, nawe ukiweka mpya zitafuata zilezile. Chanzo huwa ni transista TR4 (ZTX650) na TR5 kwenye saketi ya kubadili volti. Badilisha hizo kwanza, pima, ndipo uweke RAM. Adapta yake ni ya volti 9 za DC yenye hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za leo. Plagi inaingia vizuri, na ndiyo maana mashine nyingi zimeuawa.

Saa haishiki, mipangilio inafutika, au kibodi imekufa ghafla

Fungua utafute betri. Bodi za 386 na 486, pamoja na Amiga 500 Plus, 2000 na 4000, zina pipa dogo la nikeli-kadimiamu la volti 3.6 lililolehemiwa. Huvuja alkali inayokula shaba, na kwa kuwa kwenye bodi nyingi za PC liko karibu na soketi ya kibodi, kibodi ndiyo hufa kwanza. Likate leo, hata kama bado linashika chaji. Paka siki nyeupe kwenye ukungu wa kijani, sugua kwa mswaki, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha isopropili, uache likauke kabisa. Halafu pima njia zote za shaba za eneo hilo moja baada ya nyingine. Zilizokatika unganisha kwa waya mwembamba. Badala ya pipa weka CR2032 pamoja na diodi kama 1N5817, kwani bodi itajaribu kuichaji na CR2032 haipaswi kuchajiwa.

Ikiwa bodi haina pipa bali kijisanduku cheusi cha Dallas DS1287 au DS12887, betri na kristali viko ndani yake. DS12887 za "akiba ya zamani" nyingi zimekwisha zikiwa kwenye mrija. Kwa mkono mtulivu, chonga plastiki ufikie pini 16 (hasi) na pini 20 (chanya), kata muungano wa betri ya ndani, na lehemu kishikio cha CR2032.

Disketi hazisomeki

Usilaumu chipu kabla ya kusafisha kichwa kwa isopropili na kufuta grisi iliyoganda kwenye reli. Kwenye draivu za inchi 3 za Amstrad CPC 6128, mkanda wa mpira hulegea au kuyeyuka kuwa uji mweusi. Safisha puli yote kabla ya kuweka mpya. Disketi zilizoandikwa na draivu ya megabaiti 1.2 juu ya disketi ya kilobaiti 360 huenda zisisomeke kwenye draivu ya 360, kwa kuwa kichwa chake ni chembamba na huacha mabaki ya maandishi ya awali pembeni. Hapo draivu zote mbili ni nzima. Draivu ikiwa imekufa kweli, Gotek (kifaa kinachoiga draivu ya disketi kwa kutumia USB) yenye programu ya FlashFloppy hufanya kazi yake, na kwa diski ngumu za XT kadi ya XT-IDE pamoja na kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash inatosha. Kabla ya kubadilisha kadi ya kuendesha diski ngumu ya MFM (aina ya zamani), nakili data yote: diski iliyofomatiwa na kadi moja mara nyingi haisomeki kwa kadi ya aina nyingine.

Vitufe havijibu

Namba 301 mara nyingi si ubovu. Kibodi za XT na AT zina plagi ileile ya DIN ya pini 5 lakini huongea lugha tofauti. Angalia kama kuna swichi ya X/A chini yake. Kibodi za Key Tronic zenye sponji na karatasi ya metali hufa zote kwa pamoja sponji ikioza, na sponji mpya zinatengenezwa. Kwenye Spectrum, vitufe vitano vya jirani vikifa mara moja, angalia mkia wa utando wa plastiki na diodi zake. Utando wa zamani huwa mkavu na hukatika ukiukunja, kwa hiyo agiza mpya kabla ya kufungua, ukitaja kama ni wa Spectrum ya vitufe vya mpira au Spectrum+; umbo lake ni tofauti.